Nyumba ya Mchungaji Rankin juu ya mto Ohio

Ripley ni mji mdogo wa jimbo la Ohio, Marekani, uliobanwa kati ya mto na kilima, kilomita 80 hivi kutoka Cincinnati. Kutoka barabara ya ukingoni, Kentucky unaiona ng'ambo bila kukaza macho. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ng'ambo ile binadamu aliuzwa mnadani. Ng'ambo hii utumwa ulipigwa marufuku.

Juu ya kilima ipo nyumba ya matofali, ndogo kuliko sifa zake. Ilijengwa miaka ya 1820 na John Rankin, mchungaji wa Kipresbiteri mzaliwa wa Tennessee. Yeye na mkewe Jean walilea watoto 13, na kwa familia ya ukubwa huo nyumba ile ingejaa hata bila mgeni. Lakini wageni walikuja, tena usiku.

Kilichonishangaza ni mahali penyewe. Anayeficha watu hutafuta uchochoro, naye Rankin akajenga kileleni, mahali panapoonekana hadi Kentucky. Na hakuwa mtu wa kujificha. Aliposikia kwamba ndugu yake Thomas, aliyekuwa Virginia, amenunua watumwa, alimwandikia barua za kumkanya, zikachapishwa katika gazeti la Ripley mwaka 1824 na kuwa kitabu mwaka 1826. Thomas alikuja kuwaachia huru watu wake. Kwa hiyo wenye watumwa wa ng'ambo walijua vizuri nani anakaa pale juu, na watumwa wao walijua pia. Usiku taa iliwashwa dirishani, na mtoro aliyefika ukingo wa kusini alijua pa kuelekea.

Kuvuka hakukuwa mwisho wa safari. Mpaka wa majimbo ulipita ufukwe wa kaskazini, kwa hiyo mto karibu wote ulikuwa mali ya Kentucky: aliye katikati ya maji alikuwa bado utumwani. Hata akikanyaga Ohio, sheria ya shirikisho ya mwaka 1793 ilimruhusu bwana wake kumfuata na kumkamata. Ndiyo maana hapakuwa na kulala fofofo kwa Rankin. Mtoro alipewa chakula na nguo kavu, kisha vijana wa nyumba wakampandisha farasi kumpeleka Red Oak, kwa mchungaji mwingine, na kutoka hapo mkono kwa mkono hadi Kanada. Mtandao huo uliitwa Reli ya Chini kwa Chini, ingawa haukuwa na reli wala behewa.

Mmoja wa waliopita hapo alikuwa mama aliyevuka mwaka 1838 na mtoto mchanga, akikanyaga barafu iliyokuwa imeanza kuyeyuka. Habari zake zilimfikia Harriet Beecher Stowe, aliyekaa Cincinnati, na mama huyo ndiye anayetajwa kuwa chimbuko la mhusika Eliza katika riwaya ya Stowe ya mwaka 1852, *Uncle Tom's Cabin*. Wasomaji wengi wanamjua Eliza; jina halisi la mama yule halijulikani kwa hakika.

Inasemwa kwamba familia hiyo ilisaidia watu wapatao 2,000. Hesabu nzima namna hiyo huwa naitilia shaka, lakini nani angeweka daftari? Sheria mpya ya mwaka 1850 ilimtishia anayemsaidia mtoro kifungo cha miezi sita na faini ya dola 1,000. Jirani wa Rankin, John Parker, aliwahi kuweka daftari. Parker alizaliwa mtumwa Virginia, akauzwa akiwa na miaka minane, akajikomboa kwa dola 1,800 mwaka 1845, kisha akafungua kiwanda cha kusubu chuma Ripley. Usiku alipiga makasia hadi Kentucky kuwachukua watu mwenyewe, jambo ambalo, kwa mtu mweusi, naliona la hatari kuliko yote yaliyofanyika kilimani. Sheria ilipopita, alilitupa daftari lake lenye majina ya mamia ya watu ndani ya tanuri la kiwanda.

Rankin alifariki mwaka 1886, Parker mwaka 1900. Nyumba ya kilimani ilinunuliwa na jimbo la Ohio mwaka 1938. Ile ya Parker, kando ya mto, ilisubiri miaka mingi zaidi kukumbukwa, na simulizi aliyoieleza mwenyewe kwa mwandishi wa habari haikutoka kama kitabu hadi mwaka 1996. Leo zote mbili ni makumbusho.