Sinema Iliyotoa Ushahidi

Wasikilizaji wangu, leo nitawaeleza habari za sinema isiyotengenezwa kwa kufurahisha watu, bali kwa kutoa ushahidi.

Tarehe 15 Aprili 1945 askari wa Uingereza waliingia katika kambi ya Bergen-Belsen, kaskazini mwa Ujerumani. Humo walikuta wafungwa wapatao 60,000, wengi wao Wayahudi, wamedhoofika kwa njaa na kwa homa kali iletwayo na chawa. Na maiti kwa maelfu zilikuwa zimelala chini, hazina wa kuzizika. Msaada ulifika, walakini kwa wengi ulikuwa umechelewa: watu zaidi ya 13,000 walikufa baada ya kufunguliwa.

Pamoja na askari hao walikuwako wapiga picha wa jeshi. Bwana Sidney Bernstein, aliyeisimamia kazi ya sinema hiyo, alitaka picha ambazo hakuna mtu awezaye kuzikana. Alfred Hitchcock, mtengenezaji sinema mashuhuri, alimshauri atumie picha ndefu zisizokatwa, watazamaji wasije wakadhani kwamba vipande vimeungwa kwa hila. Wakuu wa miji ya jirani waliletwa kambini, wakasimamishwa kando ya mashimo ya kuzikia. Nyuso zao na maiti zikaonekana katika picha moja.

Mwezi wa Septemba 1945 picha za Belsen zilionyeshwa mahakamani Lüneburg, walinzi wa kambi waliposhitakiwa. Watu 11 walihukumiwa kufa, mmoja wao Josef Kramer, mkuu wa kambi. Lakini sinema ya Bernstein iliachwa mwaka ule ule kabla haijaisha, ikawekwa kando miaka mingi, hata jumba la Imperial War Museum la London likaikamilisha mwaka 2014.

Vibanda vya kambi vilichomwa moto Mei 1945 ili kuikomesha homa. Aendaye huko leo huona makaburi na nyasi, vibanda havioni. Kama picha zisingalipigwa, mwongo angalipata nafasi ya kusema, "Hapakuwa na kitu hapa."

Basi, enyi wanafunzi, mpewapo habari yo yote ya zamani, ulizeni: Nani aliona? Wapi? Siku gani? Njia ya mwongo ni fupi, lakini ni fupi pale tu ambapo shahidi ameihifadhi kweli.