Tundu, Mlango na Lango: Historia Fupi ya Istilahi za Kipatanishi cha Mtandao na Mfululizo

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda istilahi ni desturi kupanga maneno ya Kiingereza upande wa kushoto wa karatasi, kisha kuyatafutia ya Kiswahili upande wa kulia. Desturi hii ina manufaa, kwani huharakisha kazi. Hata hivyo ina hatari ambayo sisi wenyewe tumeionja: humfanya mwanaistilahi aamini kwamba kila neno moja la upande wa kushoto ni dhana moja. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha, kwa kufuata historia ya chombo kimoja kidogo, kwamba mambo sivyo yalivyo, na kwamba kosa la namna hiyo huweza kumkwamisha mtu kazini.

Chombo tunachokikusudia ni kile kinachowekwa kati ya mtandao wa kompyuta na mtambo usioujua mtandao: pampu ya maji, jenereta, mizani ya magari, au kipimo cha maabara. Upande mmoja kina tundu la waya wa mtandao. Upande wa pili kina tundu la waya ambao hupitisha habari biti moja baada ya nyingine. Kazi yake ni ile ya mkalimani aliyeketi baina ya watu wawili wasioelewana: huyasikia ya huyu na kumweleza yule. Kwa sababu hiyo tumependekeza kiitwe kipatanishi.

Kisa kilichotuzindua

Ofisi moja ilikuwa na pampu kisimani, mbali na makao yake, na kila ilipotakiwa kuwashwa au kuzimwa ilimbidi mtumishi aende huko. Ikanunuliwa zana ya kuiongoza pampu kwa njia ya mtandao. Kijitabu cha maelezo kikafasiriwa, nasi tukaombwa kukipitia. Kila penye neno la Kiingereza port, mfasiri alikuwa ameandika "bandari". Tulisahihisha tahajia na upatanisho wa kisarufi, lakini neno hilo tuliliacha lipite.

Fundi alipofika kwenye ukurasa wa mipangilio alikuta ameagizwa mara mbili aandike "namba ya bandari". Kwa kuwa aliona tundu moja tu kwenye chombo, pote pawili aliandika 1. Kwa siku mbili pampu haikuitika kutoka ofisini, na mtumishi akaendelea na safari zake za kisimani. Siku ya tatu fundi alikiweka kando kijitabu cha Kiswahili, akafungua cha Kiingereza, na kabla ya adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha. Alipotueleza hakutulaumu. Alisema tu kwamba mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kiingereza nacho hutumia neno lile lile mahali pote pawili, ila kila mara hulitanguliza na neno la kulipambanua. Mfasiri aliyaacha maneno hayo ya upambanuzi kwa kuyaona ya ziada, nasi hatukumuuliza. Ili kuona kwa nini vitu viwili vilipewa jina moja, hatuna budi kurudi nyuma.

Asili ya mfululizo

Mawasiliano ya mfululizo si mageni katika pwani yetu. Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Habari ilipita katika waya ule alama moja baada ya nyingine, kwa kuwa njia ilikuwa moja. Neno simu lenyewe lina asili ya Kiajemi, ambako sim ni fedha na pia ni waya. Waswahili walilichukua jina la waya wakaliita jina la habari inayopita ndani yake. Baadaye likahamia kwenye simu ya mdomo, na leo hutumika kwa simu ya mkononi ambayo haina waya kabisa. Tunalitaja hili ili wasomaji waone kwamba lugha yetu imekwisha kufanya kazi hii zamani, na kwa ustadi.

Huko Ufaransa, mwaka 1874, Émile Baudot alisajili mfumo wa simu ya maandishi ambao kila herufi iliwakilishwa kwa alama tano, kila moja ikiwa na hali mbili tu. Alama tano za namna hiyo huleta michanganyiko 32. Kutokana na jina lake tumepata kipimo cha kasi kiitwacho baudi. Baadaye mashine za kuchapa kwa simu zilihitaji kujua herufi inaanzia wapi na inaishia wapi. Ndipo ikaongezwa alama moja ya kuanzia, na mwishoni muda wa kupumzika ili vyuma vya mashine vitulie. Mashine ya Teletype Model 33, iliyotokea mwaka 1963, ilikwenda kwa kasi ya baudi 110. Kila herufi ilichukua biti 11, nazo zikatoka herufi 10 kwa sekunde. Fundi wa leo anayeulizwa idadi ya "biti za kumalizia" anaulizwa, bila kujua, juu ya vyuma vile vilivyohitaji kupumzika.

Mwaka 1960 chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani kilitoa kiwango kilichopewa jina la RS-232, kwa ajili ya kuunganisha mashine za kuchapa na modemu. Toleo lililoenea zaidi, RS-232-C, lilitoka mwaka 1969. Kiwango hiki kiliitarajia kebo isiyozidi mita 15 hivi. Mwaka 1983 kikafuata RS-485, ambacho huweza kufika mita 1200 na kuunganisha vyombo vingi kwenye waya mmoja; ndiyo sababu kimependwa viwandani. Kompyuta za mezani zimeacha kuwa na matundu haya, lakini mitambo inayodumu miaka ishirini au thelathini bado inayo.

Asili ya mtandao

Upande wa pili wa kipatanishi una historia nyingine. Mtandao wa ARPANET ulianza Marekani mwaka 1969, ukiunganisha kompyuta kubwa. Mwaka 1971 zikaanza kutumika mashine zilizoitwa TIP, ambazo ziliwezesha vituo vya kuchapia hadi 63 kuungwa kwenye mtandao moja kwa moja, pasipo kompyuta kubwa katikati. Kwa maoni yetu hao ndio mababu wa kipatanishi chetu: upande mmoja waya za mfululizo, upande wa pili mtandao. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, akiwa katika maabara ya Xerox huko California, aliandika wazo la Ethaneti, nayo ikawa kiwango rasmi cha IEEE mwaka 1983. Tarehe 1 Januari ya mwaka huo huo ARPANET ilihamia kwenye itifaki ya TCP/IP, ambayo ndiyo itumikayo hadi leo.

Katika itifaki hiyo, anwani ya kompyuta haitoshi. Kompyuta moja hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, na habari ifikayo ni lazima ijulikane inaiendea kazi ipi. Kwa hiyo kila kazi hupewa namba, kuanzia 0 hadi 65535. Namba hiyo haishikiki wala haionekani kwenye sanduku la chombo. Ni hesabu tu. Nayo pia wasemaji wa Kiingereza waliipa jina lile lile la port, ambalo mafundi wao walikuwa wakiliita tundu la kuchomekea kebo.

Bandari au mlango?

Kiingereza kina maneno mawili yaliyokuja kufanana kwa umbo. Moja latokana na Kilatini portus, yaani bandari. Jingine latokana na porta, yaani lango. Mafundi walitumia hili la pili: uwazi ambao kitu hupitia. "Bandari", basi, ni tafsiri ya neno jingine kabisa, na haifai kwa dhana yoyote kati ya hizi mbili.

Palipo uwazi wa kushikika, ambao mtu huchomeka kebo, Kiswahili kina neno lililo tayari: tundu. Palipo namba ya kuitambulisha kazi ndani ya kompyuta, tunapendekeza mlango. Mfano wake ni nyumba ya kupanga: anwani hutufikisha kwenye nyumba, na namba ya mlango hutufikisha kwa mpangaji tunayemtaka. Kuna na dhana ya tatu, ya chombo kinachopitisha habari kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Hicho tunakiita lango, kwani lango ni mlango mkubwa, ule wa kutokea mtaani. Hapa lugha yenyewe imetupa mizani ya ukubwa kwa kudondosha kiambishi kimoja tu.

Wapo waliotuuliza kwa nini hatukusema "mfuatano" badala ya "mfululizo". Darasani walimu wa fizikia husema mfuatano wanapoeleza taa zilizounganishwa moja nyuma ya nyingine katika sakiti. Dhana hiyo ni ya mpangilio wa vyombo, wala si ya biti zinazopita kwa zamu. Kadhalika "kiolesura" kimekwisha kuzoeleka kwa sura ya programu kwenye kioo. Kukitwika na sanduku la chuma ni kurudia kosa la bandari.

Mipangilio kwa Kiswahili

Sasa tuyaandike upya maelezo yaliyomkwamisha fundi wetu. Kwanza, kipe kipatanishi anwani isiyotumiwa na chombo kingine, mathalani 192.168.1.50, pamoja na anwani ya lango. Pili, chagua hali yake: ama awe mpokeaji, angoje kuitwa na kompyuta, ama awe mpigaji, aite yeye. Maneno haya mawili tumeyakopa kwenye simu, na kila mtu anayajua. Tatu, ikiwa ni mpokeaji, andika namba ya mlango atakaongojea, kwa mfano 4001. Nne, chagua tundu la mfululizo, nalo ni namba 1 ikiwa chombo kina tundu moja.

Tano, linganisha mipangilio ya tundu hilo na ile ya mtambo: kasi, biti za herufi, biti ya ukaguzi, na biti za kumalizia. Mpangilio wa kawaida ni baudi 9600, biti 8, bila ukaguzi, na biti 1 ya kumalizia. Ukijumlisha biti ya kuanzia, kila herufi huchukua biti 10, na hivyo herufi 960 hupita kwa sekunde. Kasi zikitofautiana, mtambo utapokea takataka. Sita, hakikisha kwamba waya wa kutuma wa upande mmoja unaingia penye kupokea kwa upande wa pili. Vinginevyo wote wawili watasema na hapana atakayesikia.

Tangu mwaka 1997 uko pia utaratibu, uliotolewa katika waraka namba 2217 wa watunga kanuni za intaneti, unaoiwezesha kompyuta ya mbali kubadili kasi na mipangilio mingine ya tundu kupitia mtandao. Programu ya namna hii huifanya kompyuta idhani kwamba ina tundu la mfululizo mgongoni mwake. Tundu hilo tumeliita tundu bandia.

Istilahi zinazopendekezwa

Kipatanishi: chombo kinachopokea habari za mtandao na kuzitoa kwa mfululizo, na kinyume chake.
Tundu: uwazi wa kuchomekea kebo.
Tundu bandia: tundu la mfululizo linaloigizwa na programu.
Mlango: namba inayotambulisha kazi katika anwani moja.
Lango: chombo cha kutokea mtandao mmoja kwenda mwingine.
Mfululizo: upitishaji wa biti moja baada ya nyingine katika njia moja.
Biti ya ukaguzi: biti inayoongezwa ili kugundua makosa.
Mpigaji, mpokeaji: anayeanzisha mawasiliano, na anayengoja kuanzishiwa.

Hitimisho

Maelezo haya mapya tulimpelekea fundi yule pamoja na kijitabu kilichosahihishwa. Alikisoma, akauliza jambo moja tu: kwa nini tumesema mpokeaji "angoje" badala ya "kingoje", ilhali ni chombo. Tulikubali kwamba mjadala huo ni halali, nao bado haujafungwa. Walimu na wafasiri wanakaribishwa kutuletea maoni yao. Lakini juu ya tundu na mlango hakuuliza neno. Kwetu sisi huo ni ushahidi wa kutosha kwamba mambo haya yasemeka kwa Kiswahili, mradi tuitazame dhana yenyewe kabla ya kulitazama neno lililoandikwa upande wa kushoto wa karatasi.