Mbio za magari zinazoitwa safi na vumbi la Kasumbalesa

Kila siku makamyo yenye kubeba shaba na kobalti yanapanga mstari Kasumbalesa, yakingoja kumaliza mambo ya duwane na kuvuka kuingia Zambia. Kutoka hapo mengine yanashuka hadi bandari ya Durban, mengine yanakwenda Dar es Salaam. Mstari ukirefuka, mashofa wanalala ndani ya makamyo, injini zinanguruma, mazutu inawaka, na vumbi linaingia katika nyumba zilizo kando ya barabara. Sehemu ya kobalti hiyo itaishia ndani ya betri. Na tangu miaka kumi na zaidi, wakubwa wa mbio za magari wanaionyesha betri kama alama kwamba mchezo wao umeanza kuwa safi.

Ndiyo sababu swali linalojadiliwa London, Paris na Nairobi linamhusu pia mkaaji wa Kasumbalesa ambaye hajawahi kuona gari la mashindano kwa macho yake: je, mbio za magari zinapaswa kupunguza uchafuzi wa mazingira? Na kama jibu ni ndiyo, usafi huo unahesabiwa kuanzia wapi?

Mchezo uliokuwa dirisha la duka

Katika Afrika ya Mashariki historia ya mchezo huu inaanza mwaka 1953. Mwaka huo mbio zilizoitwa Coronation Safari ziliandaliwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa barabara zilezile za mabasi, baiskeli na ng'ombe. Wakati ule hakuna aliyeuliza habari ya moshi. Swali lilikuwa moja tu: gari gani litafika mwisho? Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 pia yalimaliza 7 tu. Mara zote mbili mshindi alikuwa ndani ya Peugeot 404.

Watu wazima wanaijua Peugeot hiyo vizuri. Yeye na mdogo wake, 504, zilibeba abiria, mihogo na mbuzi katika sehemu nyingi za Afrika, Congo ikiwa ndani. Kabla yake ilikuwa Volkswagen, na baada yake ikaja Datsun. Watengenezaji walijua kwamba gari likishinda Safari, mteja wa Nairobi, wa Kampala au wa Lubumbashi angelitazama kwa jicho jingine. Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa dereva, lakini pia alikuwa tangazo linalotembea.

Somo hilo halijazeeka. Moshi wa magari machache yanayokimbia siku tatu ni mdogo ukilinganishwa na moshi wa makamyo ya mpaka mmoja kwa mwezi mmoja. Lakini mbio ni dirisha la duka. Kinachoshinda pale, kesho kinauzwa barabarani. Ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka mchezo huu ubadilike: mfano wake ni mkubwa kuliko moshi wake.

Mara ya kwanza mchezo kuulizwa

Mchezo ulishikwa shati kwa mara ya kwanza na uhaba wa mafuta. Mazingira hayakuwa bado katika mazungumzo. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta yao, na bei ikapanda dunia nzima. Januari 1974 mbio za Monte Carlo hazikufanyika. Katika nchi ambako mtu wa kawaida alipanga foleni ya esansi, ilikuwa vigumu kueleza kwa nini wengine waichome kwa mchezo. Safari ya mwaka huo ilifanyika, lakini tangu hapo swali halikuondoka tena.

Baadaye likaja jambo la risasi, ile metali iliyokuwa inachanganywa katika esansi na ambayo inaharibu akili za watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikutana Dakar mwaka 2001 zikakubaliana kuiacha, na mwanzoni mwa 2006 pampu zao zilikuwa zimeachana nayo. Mbio za NASCAR za Marekani, zenye pesa nyingi kuliko bajeti za majimbo yetu, zilianza kuiacha mwaka 2007. Kwa jambo hilo pampu za Afrika ziliitangulia michezo ya tajiri. Wenye kusema Afrika haiwezi kufundisha mtu usafi wakumbuke hilo.

Hesabu iliyoshangaza

Mwaka 2019 Formula 1 ilitangaza kwamba inataka kufikia mwaka 2030 bila kuongeza gesi ya kaboni hewani. Ili kuanza, ilihesabu uchafu wake wa mwaka 2018. Jumla ilikuwa tani 256,551 za kaboni. Watu walidhani sehemu kubwa ingetoka katika injini zinazopiga kelele. Haikuwa hivyo. Injini za mbio zilitoa asilimia 0.7 tu. Kusafirisha magari, matairi na vifaa kwa ndege, meli na barabara kulitoa asilimia 45. Safari za wafanyakazi zilitoa karibu asilimia 28, na viwanda na ofisi zaidi ya asilimia 19.

Hesabu hiyo inatumiwa na pande mbili. Upande mmoja unasema: mnaona, gari lenyewe si tatizo, tuacheni na injini zetu. Upande mwingine unajibu: basi punguzeni ndege. Huu wa pili una haki zaidi. Kwa miaka mingi kalenda iliwarusha watu bara moja hadi jingine na kuwarudisha, wiki baada ya wiki. Formula 1 yenyewe imeanza kulikubali jambo hilo: mwaka 2024 mbio za Japani zilihamishwa kutoka Septemba hadi Aprili, ziwe karibu na mbio nyingine za upande ule. Dawa hiyo haikuhitaji mashine mpya. Ilihitaji kupanga tu.

Umeme unaingia

Mbio za Formula E, za magari ya umeme peke yake, zilianza Beijing Septemba 2014. Mwanzoni watu walicheka. Betri haikuweza kumaliza mbio moja, hivyo kila dereva alikuwa na magari mawili na katikati ya mbio aliruka kutoka la kwanza kuingia la pili. Hali hiyo ilidumu misimu 4. Kuanzia msimu ulioanza Desemba 2018, gari moja lilitosha mwanzo hadi mwisho. Kwa miaka michache hiyo mchezo ulionyesha kile Safari ilichoonyesha zamani kwa Peugeot: kitu kikipigwa sana kinakuwa imara. Februari 2023 magari hayo yalikimbia hata Cape Town.

Safari nayo ilibadilika. Baada ya 2002 ilitolewa katika ubingwa wa dunia, ikarudi mwaka 2021 upande wa Naivasha. Mwaka 2022 magari makubwa ya ubingwa huo yalifika Kenya na mota ya umeme ya kilowati 100 kando ya injini, na mafuta yasiyochimbwa ardhini. Lakini mwaka 2025 mota hiyo iliondolewa. Sababu iliyotajwa sana ilikuwa gharama na ugumu wa mashine. Mafuta yale yalibaki. Kwa hiyo njia ya usafi haikunyooka: mchezo ulipiga hatua mbili mbele, kisha ukarudi moja nyuma.

Kuna pia swali la mahali. Mbio za Naivasha zinapita karibu na wanyama wa pori, hata ndani ya mbuga ya Hell's Gate. Wenye hoteli, makanika na vijana wanaouza chakula wanazipenda mbio hizo kwa sababu zinaleta pesa. Kusema zifutwe kabisa ni rahisi kwa mtu asiyekula kutoka hapo. Kusema zisiguswe ni rahisi kwa mtu asiyebaki na vumbi baada ya wageni kurudi kwao.

Betri inatoka wapi

Hapa ndipo Katanga inaingia katika habari. Congo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na karibu yote inatoka Haut-Katanga na Lualaba. Kazi hiyo si ya jana. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa inatoa kobalti tangu miaka ya 1920, na mwaka 1967 serikali ilitaifisha mali zake, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines. Kilichobadilika ni haraka ya wanunuzi.

Gari la umeme likipita mbele ya watazamaji halitoi moshi. Uchafu wake ulikwisha kuachwa nyuma, kwenye shimo na barabarani. Mwaka 2016 mashirika Amnesty International na Afrewatch yalionyesha watoto wakifanya kazi katika mashimo ya kobalti. Mwaka 2020 utafiti uliofanywa na watafiti wa Lubumbashi na wa Ubelgiji ulikuta kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya madini wana hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Mwaka 2023 Amnesty ilieleza jinsi watu walivyoondolewa katika nyumba na mashamba yao upande wa Kolwezi ili migodi ipanuke, wengine kwa malipo yasiyotosha kujenga nyumba nyingine. Novemba 2025 maji machafu ya kiwanda cha madini yalimwagika katika mitaa ya Lubumbashi, serikali ikasimamisha kazi za kiwanda hicho.

Familia iliyohamishwa namna hiyo inasikia neno «safi» kwa sikio tofauti. Kwake betri imemaanisha kufunga virago.

Wengine wanasema suluhisho ni betri zisizo na kobalti. Zipo, zinatumia chuma na fosfati, na magari mengi ya China yanazitumia. Lakini fikira hiyo ina mtego. Dunia ikiikimbia kobalti kwa sababu ni chafu, mchimbaji atapoteza mkate wake, shofa atapoteza safari, na shamba lililoharibiwa halitarudi kwa mwenyewe. Congo yenyewe imeonyesha kwamba haitaki kuuza tu bila kusema neno: Februari 2025 ilisimamisha kupeleka kobalti nje, na Oktoba mwaka huo ikaanza kugawa viwango kwa kampuni. Hatua hiyo ilikuwa juu ya bei. Hatua kama hiyo inaweza siku moja kuwa juu ya maji, hewa na nyumba za watu.

Usafi si moshi peke yake

Desemba 2024 Rwanda ilitangaza kwamba inataka kuandaa mbio za Formula 1. Februari 2025, Goma ikiwa imekwisha kuanguka mikononi mwa M23, waziri wa mambo ya nje wa Congo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandikia Formula 1 akiomba mazungumzo na Rwanda yakomeshwe. Kwa familia zilizokimbia vita, barua hiyo ilisema jambo lililo wazi: mchezo unaotaka jina zuri hauwezi kuangalia bomba la moshi tu, ukafunga macho juu ya watu wanaolala chini ya hema.

Basi jibu ni nini? Ndiyo, mbio za magari zinapaswa kuwa rafiki wa mazingira. Zina pesa, zina mafundi wenye akili, na mfano wake unafuatwa. Lakini hesabu ianze pale kazi inapoanza. Kwanza, kalenda ipangwe kwa ujirani, maana uchafu mwingi uko katika safari. Pili, mafuta yasiyochimbwa yaendelee hata kama mota za umeme zimeondolewa. Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa, kila shindano linalojivunia betri litaje mgodi ulikotoka mchanga wake, lionyeshe hakuna mtoto aliyeuchimba, na kwamba waliohamishwa walilipwa haki yao. Formula 1 iliweza kuhesabu asilimia 0.7 ya injini zake. Anayeweza kuhesabu kitu kidogo hivyo hawezi kusema kwamba mstari wa makamyo Kasumbalesa umemshinda kuhesabu.

Na wakubwa wa Congo nao wana sehemu yao. Mwenye kuuza ndiye anayeweza kuweka masharti. Siku mnunuzi wa betri za mbio atakapoombwa, kabla kamyo halijavuka mpaka, karatasi inayoeleza hali ya maji na ya watu wa mahali kobalti ilikochimbwa, siku hiyo neno «safi» litakuwa na maana ileile Naivasha, Cape Town na Kasumbalesa.