Taasisi za Confucius na Elimu ya Utamaduni wa Kichina nchini Kenya

Ingawa uhusiano wa Kenya na Uchina hutajwa zaidi kwa barabara na reli, juhudi za kuwafahamisha Wakenya utamaduni wa Kichina zina historia yake. Mwezi Desemba 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Tianjin, kilifungua Taasisi ya Confucius ya kwanza barani Afrika, yaani kituo cha kufundisha Kichina, maandishi yake na sanaa zake. Hadi mwaka 2020 vituo hivyo viliongozwa na ofisi ya serikali ya Uchina iliyoitwa Hanban, kisha usimamizi ukakabidhiwa wakfu wa hisani wenye makao Beijing, mageuzi ambayo wakosoaji waliyaona kuwa ya jina zaidi kuliko ya mamlaka.

Kumbukumbu ya mawasiliano ya kale, hata hivyo, iko pwani: vyombo vya kaure vilivyofukuliwa Gedi, na twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme Yongle mwaka 1415, ambaye watu wa baraza lake walimfananisha na mnyama wa heri wa hadithi zao. Bara halikuachiwa urithi wa namna hiyo; Rodi Kopany, mji wa njia panda katika Kaunti ya Homa Bay, uko mbali na pwani na vilevile na kumbi za Nairobi, hivyo kijana wa huko anayetaka kujifunza Kichina katika taasisi hiyo hulazimika kwanza kusafiri.