Samaki wa Karpi: Hukmu ya Kumvua, Kumla na Namna ya Kumpika

AlhamduliLlaah, Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake wote.

Tumekuwa tukiulizwa kuhusu samaki wa maji baridi aitwaye karpi: je, ni halaal, na vipi kuhusu wanaokutwa wamekufa wakielea? Hapa tumekusanya hukmu zake pamoja na mambo ya jikoni, kwani mara nyingi haya mawili hayaachani.

Ni samaki gani?

Karpi ni samaki mnene wa mito, maziwa na mabwawa. Ana magamba makubwa na ndevu fupi pembeni mwa mdomo, na hula kwa kufukua matope chini ya maji. Iraq ndiyo nchi ya Kiislamu inayojulikana mno kwa mapishi yake, kwa chakula kiitwacho masguuf. Zamani masguuf ilipikwa kwa samaki wa asili wa Tigris na Euphrates, kama shabbut, bunni na gattan, ambao wote ni wa ukoo mmoja na karpi. Leo samaki wa masguuf aghalabu ni karpi wa kufugwa. Kwetu Afrika Mashariki, karpi alionekana katika Ziwa Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baada ya miaka michache akawa anavuliwa kwa wingi kuliko samaki wengine wa ziwa hilo.

Hukmu ya kumla

Asili ya samaki ni uhalali. Aya ya 96 ya Suwrah Al-Maaidah imehalalisha mawindo ya bahari na chakula chake, na 'Ulamaa wameingiza humo mito na maziwa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipoulizwa kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari, alibainisha kuwa maji yake ni twahara na mfu wake ni halaal. Kwa hiyo samaki hachinjwi, wala si sharti aliyemvua awe Muislamu.

Karpi hana khitilafu hata kwa Ja'fariyyah, ambao hawali samaki asiye na magamba, kwa kuwa yeye anayo. Wapo karpi wenye magamba machache tu mgongoni na ubavuni. Nao hukmu yao ni hiyo hiyo.

Aliyekutwa amekufa akielea

Jumhuri ya 'Ulamaa, wakiwemo Shaafi'iyyah ambao ndio wengi katika Pwani yetu, wanasema ni halaal hata akifa mwenyewe. Miongoni mwa dalili zao ni kisa kilichopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim cha jeshi la Abu 'Ubaydah (Radhwiya Allaahu 'anhu), waliokuta samaki mkubwa mfu ufukweni wakamla kwa siku nyingi, na Mtume akala katika nyama yake. Hanafiyyah hawamli aliyekufa bila sababu kisha akaelea. Ja'fariyyah wanashurutisha atoke majini akiwa hai, au afie ndani ya wavu.

Lakini ndugu Muislamu asikomee hapo. Samaki anaweza kuwa halaal kwa asili yake, kisha akakatazwa kwa madhara yake. Mwishoni mwa mwaka 2018, karpi wengi mno walikufa katika vizimba vya mto Euphrates, mkoa wa Babil nchini Iraq, wakafunika uso wa maji. Uchunguzi wa maabara ulikuta virusi vya herpesi vinavyoua karpi, ambavyo havijulikani kuambukiza binadamu. Hata hivyo, samaki aliyeoza ndani ya maji machafu hudhuru kwa sababu nyingine, na kanuni ya Shari'ah ni kwamba hakuna kujidhuru wala kudhuru wengine. Ukikuta samaki wamekufa kwa wingi na hujui sababu, usile, usimlishe mtu.

Na anayewaokota akawapeleka sokoni bila ya kumwambia mnunuzi, huyo ameingia katika ghushi. Mtume alimkemea muuza nafaka aliyeficha iliyolowa chini ya kavu. Samaki aliyeoza ana hatari kubwa kuliko nafaka iliyolowa!

Kumvua

Karpi huvuliwa kwa wavu au kwa ndoana iliyolazwa chini, chambo kikiwa donge la unga, mahindi yaliyochemshwa au minyoo. Huyu ni samaki mwoga: hunusa chambo, hukionja na kukitema, hivyo mvuvi huhitaji subira. Hutaga mayai maji yanapopata joto, kwenye majani ya kingoni. Kumvua wakati huo ni kumaliza kizazi. Pale serikali inapofunga uvuvi kwa msimu, kutii ni wajibu kwa kuwa ni maslaha ya wote.

Katika mabwawa ya kusini mwa Iraq wapo wanaovua kwa umeme na sumu. Hili halijuzu. Linaua vifaranga na viumbe wasiohitajika, linahatarisha maisha ya mvuvi mwenyewe, na linawanyima wengine riziki ya pamoja. Hukmu yake ni kama ya baruti katika bahari yetu. Vilevile, samaki aliye katika bwawa la mtu ni mali ya mwenyewe. Kumvua bila idhini ni wizi.

Kumuua kabla ya kupika

Karpi huishi muda mrefu nje ya maji, na wapo wanaompasua au kumweka motoni angali anapumua. 'Ulamaa wamelizungumza hili: baadhi ya Shaafi'iyyah wamelikataza kwa kuwa ni kumuadhibu mnyama, wengine wakaliruhusu, na imepokewa kuwa Imaam Ahmad hakupendezwa na kumtupa samaki hai motoni. Kutochinjwa hakuondoi ihsani. Mpige kwa nguvu kichwani kwa rungu dogo mara moja hadi atulie, kama wafanyavyo wauzaji wa Baghdad, kisha mpasue.

Waliofugwa kwa mbolea ya kuku

Wafugaji wengine hujenga banda la kuku juu ya bwawa ili kinyesi kirutubishe maji. Samaki hawi haraam kwa hilo peke yake. Lakini nyama yake ikibadilika harufu au ladha kwa najisi, anaingia katika mlango wa jallaalah, yaani mnyama alaye najisi, na 'Ulamaa wamesema azuiliwe na kulishwa kisafi mpaka athari iondoke. Mhamishie kwenye maji safi kwa siku kadhaa; huko pia hupoteza ile ladha ya tope inayowakimbiza walaji.

Mapishi ya masguuf

Para magamba, kisha mpasue kupitia mgongoni, si tumboni, mfungue awe bapa kama sinia. Toa matumbo na mashavu. Tahadhari na nyongo isipasuke, wala usiinywe kama dawa: nyongo ya samaki wa ukoo huu ni sumu, na imeshasababisha figo za watu kushindwa kufanya kazi. Osha, mpake ndimu au siki, mnyunyizie chumvi ya mawe, na ukipenda ukwaju na manjano.

Simamisha samaki kwa vijiti pembeni mwa moto wa kuni, upande wa nyama ukielekea moto bila kuguswa na ndimi zake. Mafuta yake huchuruzika polepole. Huchukua saa moja au zaidi. Mwisho mlaze juu ya makaa kwa upande wa ngozi ili ikauke. Huliwa na mkate wa tanuri, vitunguu, nyanya, ndimu na achari ya embe. Nyumbani, wavu wa kubanikia juu ya jiko la makaa unatosha. Ukimkaanga, mchanje chale za karibu karibu hadi karibu na ngozi, kwani ana miiba midogo mingi na mafuta ya moto huilainisha. Wachambulie watoto.

Kwa ndugu walioko Czechia na Poland, karpi wauzwao hai Disemba kwa ajili ya Krismasi ni halaal kuwanunua. Waliopikwa kwa bia au mvinyo waepukwe, na kushiriki sikukuu yenyewe si jambo letu.

Muhtasari

Karpi ni halaal, hachinjwi, na ni riziki njema. Avuliwe bila kuharibu, auawe bila kuteswa, auzwe bila kufichwa aibu yake, na asiliwe anayehofiwa kudhuru.

Na Allaah Anajua zaidi.