Ugali wa Njano wa Arizona

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, mama hakupiga kelele. Alinipa nauli ya matatu hadi Nanyuki akasema, "Nenda ukaongee na Guka." Guka ni mjomba wake. Alikuwa rubani wa Jeshi la Anga, na kwa akili ya mama, mtu aliyewahi kuendesha jeti hawezi kushindwa kumrudisha kijana darasani. Nikabeba nguo za siku mbili na hotuba yangu ya kujitetea.

Hotuba haikutumika. Mzee aliuliza swali moja tu: "Ni karo ama ni masomo?" Nikamwambia ilianza na karo, masomo yakafuata. Akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na daftari lake la urubani, lile ambalo kila safari huandikwa: tarehe, aina ya ndege, muda uliokaa juu, nani alikuwa kiti gani. Kurasa nyingi za katikati ni za Arizona.

Sasa, Mkenya alifikaje kwenye jangwa la Arizona? Anza na Idi Amin. Februari 1976 alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda, na kwa hesabu zake mpaka ulistahili kupita karibu na Nairobi. Upande wa pili Somalia haikuwa imeacha ndoto ya kuchukua kaskazini mashariki yetu, na ilikuwa na ndege za MiG kutoka kwa Warusi. Sisi tulikuwa na Strikemaster na Hunter za Uingereza, na hizo Hunter zilikuwa mtumba. Kwa hivyo serikali ikaagiza F-5 kutoka Marekani. Zilifika 1978, zote 12. Lakini F-5 haina maana bila mtu wa kuikalia, ndiyo maana vijana wetu walipelekwa Williams, kambi ya anga iliyokuwa nje ya Phoenix, ambako Wamarekani walifundisha marubani wao wenyewe na wa nchi rafiki zilizonunua F-5.

Guka alianza na T-37. Hapa ndipo alipochangamka. Ndege hiyo ni fupi, mwanafunzi na mwalimu hukaa bega kwa bega, na injini zake mbili hupiga mluzi mkali hadi Wamarekani wakaibandika jina la firimbi ya mbwa ya pauni 6,000. "Unavaa vizibo vya masikio na bado meno yanauma," alisema. Kukaa bega kwa bega kuna ubaya wake pia. Mwalimu anaona mkono wako ukitetemeka. Anaona jasho. Na jasho lilikuwepo, maana kiangazi cha kule hupita digrii 40 na ndege ikiwa chini inageuka jiko.

Kisha ikaja T-38. Nyeupe, nyembamba, mabawa mafupi kama ya samaki, na inapita kasi ya sauti. Hapa mwalimu anakaa nyuma yako, humwoni, unamsikia tu masikioni. Sikujua hadi siku hiyo kwamba T-38 na F-5 ni ndugu wa damu: kampuni moja, Northrop, ilizichora zote mbili kutoka kwa wazo moja. Aliyeizoea moja hapotei kwenye nyingine. Shida ilikuwa kutua. Ikikaribia uwanja inakuja kwa zaidi ya kilomita 280 kwa saa, na ukipunguza kwa woga, yale mabawa mafupi hayakubebi. Guka aliinua viganja viwili akanionyesha ndege inavyoanza kutikisika kabla ya kukuangusha. Viganja vya mzee wa zaidi ya miaka sabini, na vilikuwa vinajua.

Siku aliyoruka peke yake, anasema, jambo la ajabu lilikuwa kimya cha kiti cha nyuma. Alizunguka, akatua, na kabla hajavua kofia vizuri wenzake wakambeba msobemsobe wakamtumbukiza kwenye tangi la maji. Ndiyo desturi yao. "Wakanibatiza mara ya pili," akacheka. "Ya kwanza nililia."

Nilimuuliza kuhusu upweke, swali la mtu wa kizazi changu. Akanijibu na ugali. Unga aliopata dukani ulikuwa wa mahindi ya njano, akaupika hivyo hivyo, akawapa wenzake wa kutoka nchi nyingine wauonje, wakauita keki isiyo na sukari. Miaka baadaye, katika ukame wa 1984, Kenya iliagiza mahindi ya njano kutoka Marekani. Watu mtaani walinung'unika, ati ni chakula cha ng'ombe. Guka alikula bila neno. Wakati huo hakuwa na kazi.

Aliporudi nyumbani alikuta somo moja ambalo joto la Arizona lilikuwa limemfundisha bila yeye kujua. Hewa ya moto ni nyepesi. Hewa ya Nanyuki, karibu mita 1,900 juu ya bahari, nayo ni nyepesi hata kukiwa na baridi. Mishale inakusomea kasi ile ile, lakini ardhi inapita haraka zaidi na uwanja unaisha mapema. Aliniambia hilo kwa furaha kabisa, kama mtu anayekupa siri ya kuchoma nyama.

Agosti 1, 1982 aliisema kwa sentensi tatu. Alikuwa likizo kwao kijijini. Alisikia redioni kwamba serikali imepinduliwa. Kesho yake alijipeleka kazini mwenyewe, akiwa amevaa sare. Mengine nimeyasoma mwenyewe: marubani walivyolazimishwa kwa bunduki kuruka kutoka hapa hapa Nanyuki wakashambulie Nairobi, wakaenda kumwaga mabomu msitu wa Mlima Kenya, na jeshi zima la anga lilivyovunjwa mwezi huo, wengi wakafungwa, likazaliwa jingine lenye nambari 82 kwenye jina. Jina la zamani lilirudi 1994. Guka hakurudi.

Mwaka wa 2011 F-5 zilipotumwa Somalia, nilikuwa shule ya msingi na nilizishangilia kwenye TV. Hakuna aliyeniambia kuna mtu kwetu aliyewahi kuziendesha. Mama anasema baada ya 82 walizoea kutolitaja jambo hilo, na mazoea yakabaki. Hata sasa ameniruhusu niandike kwa sharti kwamba jina lisionekane.

Mstari wa mwisho wa daftari ni wa mwishoni mwa Julai 1982. Chini ya kila ukurasa rubani hujumlisha saa zake. Kurasa zote zimejumlishwa isipokuwa huo.

"Ulikuwa unasomea uhandisi, si ndiyo? Nijumlishie."

Nikatoa simu. Akasema hapana, kwa kalamu. Nilijumlisha mara mbili: saa 11 na dakika 35. Alichukua miwani, akahakikisha mstari kwa mstari, akaandika.

Jioni mama akapiga. "Amekuambia nini?"

Nikamwambia amelala, nitampigia kesho.