Mbwa mtulivu huandaliwa angali mtoto: Mwongozo kwa wafugaji wa Karatu na Ngorongoro

Na Mwandishi Wetu, Karatu

SI jambo geni katika mji wa Karatu na vijiji vyake kukuta mtoto wa mbwa mwenye umri wa mwezi mmoja akiwa amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, kwa matumaini kwamba upweke na fimbo vitamfanya awe mkali na hivyo mlinzi bora wa mali.

Hata hivyo, utaalamu wa tabia za mbwa unaonyesha kinyume chake. Mbwa aliyelelewa kwa hofu hawezi kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani anayekuja kuomba chumvi. Huuma yeyote anayemtisha, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto.

Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro suala hilo lina uzito wa pekee. Hapa binadamu, mifugo na wanyamapori huishi karibu karibu, na mbwa ndiye anayepita katikati ya makundi hayo matatu. Malezi yake yanagusa usalama wa familia, wa ng'ombe na mbuzi, na hata wa simba wa Serengeti na kreta ya Ngorongoro.

Kwa nini eneo hili ni tofauti

Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959 kwa utaratibu wa kuruhusu wafugaji kuishi pamoja na wanyamapori. Katika maboma ya Wamaasai mbwa hulala karibu na zizi na kubweka fisi au chui anaposogea. Upande wa Karatu, wakulima wa Kiiraqw huwatumia kulinda nyumba na mashamba, huku Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wakiwinda nao.

Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaosababishwa na kirusi cha mbwa, uliua simba wapatao 1,000 katika mfumo ikolojia wa Serengeti, sawa na takriban theluthi moja ya simba wote waliokuwapo. Mbwa wa vijijini walitajwa kuwa chanzo kikubwa. Mwaka 2001 ugonjwa huo uliwakumba pia simba wa kreta ya Ngorongoro. Kabla ya hapo, mwaka 1991, mbwa mwitu waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti katika tambarare za Serengeti walitoweka, na kichaa cha mbwa kikatajwa miongoni mwa sababu.

Kutokana na matukio hayo, kampeni za kuchanja mbwa zimeendeshwa katika vijiji vinavyopakana na Serengeti tangu miaka ya 1990. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa simba waliendelea kupata kirusi cha distempa hata baada ya mbwa kuchanjwa, ikimaanisha kwamba wanyamapori wengine nao hukieneza. Kwa upande wa kichaa cha mbwa, chanjo imethibitika kuwa kinga kubwa kwa binadamu.

Wiki ambazo hazirudi

Mwaka 1965 watafiti wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha matokeo ya kazi yao ya miaka mingi kuhusu ukuaji wa mbwa. Walibaini kwamba kati ya wiki ya tatu na takriban ya 12 tangu kuzaliwa, ubongo wa mtoto wa mbwa huwa wazi kupokea mambo mapya bila woga mkubwa. Anachokizoea katika kipindi hicho hukiona cha kawaida maisha yake yote, na asichokutana nacho huweza kumtisha hadi uzeeni.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbwa methali hiyo ina muda maalumu, nao ni chini ya miezi minne.

Kwa sababu hiyo haifai kumtenganisha mtoto wa mbwa na mama yake kabla ya wiki nane. Akiwa na ndugu zake hujifunza somo ambalo binadamu hawezi kulifundisha vizuri, yaani kupima nguvu ya meno. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo hukoma. Anayeondolewa mapema hukosa somo hilo, na wenye nyumba ndio hulipa gharama.

Katika kuchagua, mfugaji anashauriwa kumtazama mama kwanza. Mama mwenye woga au ukali wa kupindukia huweza kuwarithisha wanawe tabia hiyo. Miongoni mwa watoto, anayefaa familia ni yule anayemsogelea mgeni kwa udadisi, akishikwa hupapatika kidogo kisha hutulia.

Kumzoesha dunia ya Karatu

Kila siku mtoto wa mbwa anapaswa kukutana na kitu kipya kwa utulivu. Mjini Karatu vitu hivyo ni vingi: magari ya watalii yanayoelekea lango la Lodoare, bodaboda, mlio wa mashine ya kusaga, wanafunzi wanaotoka shule, wazee wenye fimbo na shuka, watu waliovaa makoti ya mvua, kuku, punda na mbuzi wanaopelekwa mnadani.

Kanuni ni moja. Jambo jipya lianzie mbali, na liambatane na kitu kizuri. Mbwa akiliona gari kubwa apewe dagaa mmoja. Akionyesha woga kwa kubana mkia au kujificha, asisukumwe mbele. Asogezwe nyuma hadi atulie, kisha ajaribiwe tena siku nyingine.

Tatizo ni kwamba katika wiki hizo hizo kinga yake dhidi ya magonjwa bado ni ndogo. Parvo na distempa huua watoto wengi wa mbwa, na kirusi cha parvo hudumu ardhini kwa miezi mingi. Suluhisho si kumfungia ndani, bali kumbeba mikononi au ndani ya kikapu na kumwonyesha dunia bila kumtua mahali panapopitwa na mbwa wasiojulikana, yakiwamo majalala na machinjio.

Chanjo ya parvo na distempa huanza akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne hadi afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi mitatu, ingawa katika kampeni za vijijini hata wadogo zaidi huchanjwa. Kadi ya chanjo itunzwe kama kadi ya kliniki ya mtoto.

Mafunzo ya kwanza

Mafunzo huanza siku ya kwanza mbwa anapofika nyumbani. Yasizidi dakika tano kwa mara moja, na yarudiwe mara tatu au nne kwa siku, kabla ya chakula, mbwa akiwa na njaa kidogo. Tuzo haihitaji gharama: dagaa, kipande cha pafu lililochemshwa au tonge dogo la ugali uliochovywa kwenye mchuzi vinatosha.

Neno la kwanza ni jina. Jina fupi kama Popi, Tomi au Simba hutajwa mara moja kwa sauti ya kawaida, na mbwa akigeuka hupewa tuzo papo hapo. Tuzo ikichelewa zaidi ya sekunde mbili au tatu, mbwa hajui amelipwa kwa lipi.

Neno la pili ni "kaa". Dagaa hushikwa juu kidogo ya pua ya mbwa na kusogezwa nyuma kuelekea kisogoni. Kichwa kinapopanda, makalio hushuka yenyewe. Hapo hutamkwa "kaa" na tuzo hutolewa. Hakuna haja ya kumkandamiza mgongo.

La tatu ni "njoo", ambalo kwa wakazi wa mpakani mwa msitu wa Ngorongoro, kama Rhotia na Oldeani, linaweza kuokoa maisha ya mbwa anayemfukuza nyati au tembo. Sharti lake ni kwamba mbwa asiitwe kamwe ili aadhibiwe. Akiitwa na kuchapwa mara moja tu, mara ya pili atakimbilia upande mwingine.

La nne ni "acha". Chakula hufungwa ndani ya kiganja, mbwa hunusa na kulamba bila kupewa, na mara tu anapoondoa pua hulipwa kwa kipande kingine kutoka mkono wa pili. Kwa somo hilo hujifunza kwamba subira ndiyo inayoleta chakula.

Jambo linaloharibu mafunzo katika nyumba nyingi ni lugha kugongana. Baba husema "kaa", mama "keti", watoto Kiiraqw au Kimaasai, na mlinzi husema Kiingereza alichokisikia kwenye filamu. Familia inapaswa kukubaliana juu ya neno moja kwa tendo moja.

Haja, meno na kurukia wageni

Mtoto wa mbwa hawezi kuzuia haja kwa muda mrefu. Kwa makadirio, wa miezi miwili huvumilia saa mbili hadi tatu mchana. Atolewe nje kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, apelekwe mahali pale pale, na akimaliza asifiwe. Akikosea ndani, pasafishwe bila kelele. Kumsugua pua kwenye kinyesi humfundisha kujificha tu.

Akiuma mikono wakati wa mchezo, mchezo usimame na mtu aondoke kwa nusu dakika, kisha apewe kipande cha kamba ya katani au mfupa mkubwa mbichi wa kutafuna. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe, kwa kuwa hupasuka na kumchoma tumboni.

Kuhusu kurukia watu, dawa ni kumgeuzia mgongo na kumlipa pale tu miguu yote minne inapokuwa chini. Somo hilo lina umuhimu wa ziada kwa ujirani mwema, kwani kwa majirani Waislamu mate ya mbwa ni najisi, na mbwa anayerukia watu njiani huweza kumtia mtu najisi kwenye nguo ya sala.

Fimbo haijengi mlinzi

Imani kwamba mbwa wa ulinzi lazima apigwe, anyimwe chakula au alishwe pilipili haina msingi. Kipigo huondoa dalili za onyo. Mbwa anayechapwa kila anapounguruma huacha kuunguruma, kisha siku moja huuma bila taarifa.

Ulinzi hauhitaji mafunzo ya ukali. Kuanzia umri wa miezi sita hadi mwaka, mbwa wengi huanza wenyewe kubwekea wageni wanaosogelea uwanja wao. Mbwa aliyezoeshwa watu wa kawaida hubweka kwa sababu, na akiambiwa "basi" hunyamaza. Huyo ndiye ambaye mwenye nyumba anaweza kuamini kengele yake usiku wa manane.

Ikibidi kufungwa mchana, kamba iwe ndefu, pawepo kivuli na maji, na afunguliwe kila siku kwa matembezi. Katika baridi ya Juni na Julai, banda liwe limeinuliwa juu ya ardhi na kutandikwa majani makavu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama, mbwa akiwa miongoni mwao.

Mbwa wa zizini

Kwa mfugaji wa boma, kipindi cha wiki tatu hadi 12 ndicho cha kumuunganisha mbwa na mifugo. Mtoto wa mbwa awekwe karibu na mbuzi au kondoo watulivu, wakitenganishwa mwanzoni kwa uzio mwepesi, na chakula chake atolewe hapo hapo. Akianza kuwakimbiza wana-mbuzi kwa mchezo, aondolewe kwa muda bila kupigwa.

Njia hiyo ni ya kale, na imetumika pia nchini Namibia, ambako Mfuko wa Uhifadhi wa Duma ulianza mwaka 1994 kuwagawia wafugaji mbwa wa kulinda mifugo. Lengo lilikuwa kupunguza mauaji ya duma, kwa kuwa mbwa anayebweka na kusimama imara huwafukuza wanyama wakali bila mfugaji kutumia risasi wala sumu.

Watoto na hatari ya kichaa

Duniani, kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na karibu asilimia 40 ya waathirika ni watoto wa chini ya miaka 15. Ndiyo maana malezi ya mbwa hayakamiliki bila malezi ya watoto wa nyumba. Wafundishwe kutomsumbua mbwa anapokula, anapolala au anaponyonyesha, kutomvuta mkia, na kusimama kimya kama mti mbwa asiyemjua anapowasogelea.

Anayeumwa au kukwaruzwa na mbwa aoshe jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo na kukamilisha dozi zote za chanjo atakazopangiwa, hata kama jeraha ni dogo. Pilipili, mafuta ya taa au majivu visipakwe. Dalili za kichaa zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufariki.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa jamii ikichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wake, mzunguko wa ugonjwa huo hukatika. Hapo ndipo malezi ya upole yanapoonyesha faida nyingine. Siku ya kampeni, mbwa aliyezoea kushikwa na kuvalishwa kamba hufikishwa na mtoto wa shule kwenye kituo cha chanjo na kuchomwa sindano kwa utulivu. Aliyelelewa kwa mnyororo na fimbo hakamatiki, hubaki nyumbani bila kinga, na huendelea kuwa hatari kwa familia ile ile aliyoletwa kuilinda.